Mkia Huu Si wa Kenge

Malaba,
Jumamosi mchana.

Kwa dada yangu Ajiko,

Yoga noi, dada. Pokea salamu zangu, nakutumia kwa mikono miwili kama anayemtilia mkubwa wake maji ya kunawa. Hujambo? Shemeji Wabwire hajambo? Na wale wapwa zangu, bado wanagombania kitanda cha karibu na dirisha? Redio imesema mto Nzoia umefura tena upande wenu wa Budalang'i. Naomba Mungu kingo zishike, msije mkahamia darasani na magodoro kichwani kama mwaka ule.

Nikiandika kwamba sisi huku hatujambo, nitakuwa nimefuata tu desturi ya barua. Omagor mume wangu ni mzima, yuko kazini kule kwenye uwanja wa kuegesha malori. Mama mkwe ni mzima, na sauti yake ni nzima zaidi. Mimi nina woga. Okwi wangu ndiye mgonjwa, na ugonjwa wenyewe nitakueleza, lakini nieleze polepole maana sitaki usome maandishi ya kuku.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Nyumba yetu unaijua, ukuta kati ya chumba chetu na cha mama mkwe haufiki darini. Nikikohoa ananiambia pole. Kwa hiyo naandika wakati mtoto amelala, na barua nitampa Collins, yule anayetuletea samaki kutoka kwenu, akabidhi mkononi mwako na si mwa mtu mwingine.

Bila shaka unaikumbuka siku nilipoingizwa katika boma hili, kwa sababu wewe ndiwe uliyenisindikiza. Mama mkwe alinipaka siagi kifuani, akanitajia miiko ya ukoo wao mmoja mmoja, ile etale ambayo kila bibi arusi wa Kiteso huikuta kwa wenyeji wake. Akafika kwa kenge. Alisema watu wa boma hili hawampigi kenge, hawamli, hawamrushii hata kibonge cha udongo, na mtu wa boma hili, hata mwanamke aliyeolewa hapa, akimjeruhi, ngozi ya mtoto wa boma itachubuka. Wewe ulinifinya ubavuni ukaninong'oneza nishukuru haikuwa kuku. Tulijikaza tusicheke. Mimi, mwalimu wa bayolojia, niliona huo ndio mwiko rahisi kuliko yote duniani. Nani ana haja ya kumpiga kenge?

Basi shule zikafungwa, mvua za Aprili zikaanza. Alasiri moja mama mkwe alikuwa ameenda Adungosi kwa maombi ya akina mama, mimi niko jikoni nachekecha unga, Okwi amelala kwenye mkeka karibu na mlango wa nyuma ambapo kuna upepo. Nikasikia kitu kinaburuta. Nilipogeuka, mnyama alikuwa ameshaingia nusu. Mnene, shingo kama mkono wangu juu ya kiwiko, mistari myeusi na myeupe mwili mzima, na ulimi wenye ncha mbili unatoka na kurudi, unatoka na kurudi. Dada, ule ulimi uligusa unyayo wa mwanangu. Niliuona ukimgusa.

Sikupiga kelele. Panga lilikuwa pale kwenye kuni, nikalishika, nikampiga. Lilimpata upande wa nyonga, bapa, na kabla sijaliinua tena mkia wake ulikatika chini kabisa, mahali ambapo panga halikufika. Mnyama akatoka mbio kuelekea kwenye ghala la mahindi. Mkia ukabaki sakafuni unarukaruka peke yake kama samaki, na Okwi akaamka akaanza kuucheka. Mpaka leo nikifumba macho nasikia kicheko kile.

Nilipangusa damu, nayo ilikuwa kidogo, nikamwaga jivu, nikausukuma ule mkia ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nikaumwagia chumvi, nikauficha chini ya kitanda. Nisingeweza kuuzika. Mbwa wa hapa wana adabu mbaya, wangeufukua na kumletea mama mkwe miguuni.

Haikupita hata Jumapili. Nilikuwa namwogesha mtoto, nikaona ngozi ya shingoni imekuwa nyekundu. Kufika kesho yake ikawa inabanduka, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja. Tulimkimbiza hospitalini, daktari akamtazama akasema ni bakteria wa ngozi, watoto wadogo huwapata, akatupa dawa ya kunywa na ya kupaka, akatuonya homa ikipanda tusingoje hata saa moja. Nilimwelewa vizuri. Mimi mwenyewe nafundisha bakteria katika kidato cha pili. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na kumkunjua mtoto wako kutoka kwenye shuka na kukuta ngozi imebaki kwenye shuka ni kitu kingine.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa anatungoja. Alimfunua Okwi, akaangalia, akamfunika. Kisha akakaa chini, na usifikiri alikuwa na hasira, dada, laiti ingekuwa hasira. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Alinieleza jambo ambalo Omagor mwenyewe hajawahi kunitajia, kwamba kabla yake kulikuwa na mtoto mwingine, msichana, wa kwanza. Shemeji yake mmoja alimtupia kenge jiwe kisimani, na mtoto yule alichubuka hivi hivi mpaka akaenda. Akasema kidonda cha mtoto hakifungi mpaka kidonda cha kenge kifunge, na kenge yule wa kisimani alikufa. Kisha akaniuliza, macho yake yakiwa machoni mwangu, kama kuna mtu wa boma hili aliyemgusa kenge. Nikamjibu kwamba sijui. Akaenda kuwauliza wake wengine wa ukoo walio jirani, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikabaki nimeshika mlango.

Sasa hapa linaingia jambo la malori. Nyuma ya boma letu, ng'ambo ya ua, kuna ule uwanja anaousimamia Omagor. Lori moja lililotoka upande wa Uganda lilikuwa limekwama pale muda mrefu, dereva ametoroka, mwenye mali hajulikani. Harufu ikaanza. Omagor na askari wakafungua, na nyuma ya magunia wakakuta masanduku yenye matundu, na ndani ya masanduku, soksi. Soksi za watu wazima, zimefungwa fundo, na ndani ya kila soksi mjusi. Omagor alinipigia simu akihema, akaniambia, "Mama Okwi, hii kitu sijawahi ona. Wengine wako hai. Kuja na ile akili yako ya shule." Afisa wa wanyamapori aliyetumwa, mwanamke mmoja kijana anaitwa Vivianne, hakuwa na mahali pa kuwaweka, akaomba maabara yetu. Mkuu wa shule akakubali, mimi nikakabidhiwa ufunguo.

Najua utasema Asekenye ameanza darasa. Nivumilie, maana maisha yangu yote sasa yananing'inia kwenye darasa hili. Vivianne alinieleza kwamba wale wote ni wa Amerika Kusini, hakuna hata mmoja wa huku. Wanaibwa huko, wanasafirishwa dunia nzima kuuziwa watu wanaotaka kufuga vitu vya ajabu. Akasema ukitaka kumjua mjusi ni wa ukoo gani usidanganywe na rangi wala ukubwa. Angalia ulimi, kichwa, tumbo na vidole.

Akafungua soksi moja moja juu ya meza. Wa kwanza alikuwa wa kina iguana, kijani, ana miiba mgongoni kama kitana, ngozi inaning'inia kidevuni, na chini ya sikio gamba moja kubwa la mviringo kama kifungo cha koti. Ulimi wake ni mnene na wenye nyama, na chakula chake ni majani tu. Mwingine mwembamba, vidole vina pedi za kunata, kooni ana kipepeo cha ngozi anachokifungua chekundu akikasirika. Hao huitwa anoli. Kulikuwa na wale wa ukoo wa Tropiduridae, wakavu, magamba yao yana ukingo mkali, ukiwashika unadhani umeshika koni ya msonobari. Kulikuwa na wa Liolaemidae, wa milima ya baridi, ambao baadhi yao Vivianne alisema hawatagi, wanazaa watoto wazima kwa sababu mayai yangeganda huko. Na mdogo kuliko wote, mmoja wa Gymnophthalmidae, vijiguu kama nyuzi, ana kope inayoonyesha upande wa pili kama kioo, kwa hiyo amefumba macho na bado anakutazama. Huyo alikuwa amekufa. Niliona huruma, dada, hata katika hali yangu ile.

Kisha akafungua mfuko wa mwisho, si soksi, gunia dogo. Akatoka pacha wa mnyama wangu. Mistari myeusi na myeupe, shingo ile ile, ulimi ule ule wa ncha mbili. Nilishika ukingo wa meza. Vivianne akacheka, akaniambia kila mtu huku angeapa ni kenge, hata askari waliapa. Akasema, "Madam, hawa si ndugu kabisa. Wamefanana tu kwa kazi." Huyu anaitwa tegu, si yule mnyoo wa tumboni, ni mjusi wa ukoo wa Teiidae. Alinionyesha kichwa, kimefunikwa vibao vikubwa vilivyopangwa kulia na kushoto sawasawa, wakati kichwa cha kenge kina vigamba vidogo vidogo kama shanga. Akamgeuza tumbo, likawa na vigae vya mstatili, safu kwa safu, kama sakafu ya kanisa. Akanionyesha matundu madogo chini ya paja, kenge hana. Halafu akasema lile lililonifanya nikae chini. Alisema tegu akishikwa vibaya anaweza kuuacha mkia wake, kisha akauotesha mwingine. Kenge hawezi. Mkia wa kenge ukikatika, umekatika.

Kando ya gunia lile kulikuwa na gunia jingine la namna hiyo, limetoboka, tupu. Vivianne aliuliza kila mtu uwanjani na majirani wote kama wameona mjusi mkubwa wa mistari. Akaniuliza na mimi. Nikasema hapana.

Nilikimbia nyumbani. Nilifunga mlango, nikautoa mkebe, nikaukung'uta ule mkia chumvi. Chini yake vigae vya mstatili, safu kwa safu. Na pale ulipokatika hapakuwa na alama ya panga, palikuwa na meno meno, kama kitu kilichokusudiwa kuachana. Nililia kwa furaha. Nilikuwa nimempiga Mteiidae, raia wa Amerika Kusini! Ukoo wa Omagor hauna mkataba wowote naye. Nilitoka nje nikamwambia mama mkwe, bila kuulizwa, kwamba naapa kwa jina la Mungu sijamgusa kenge. Ilikuwa kweli tupu. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, akasema sasa atatafuta kwingine. Na tangu hapo, dada, sijapata usingizi wa maana.

Sasa nikuambie lile lililonifanya nishike kalamu.

Siku ile jikoni sikuangalia kichwa wala tumbo. Niliona kenge. Nikakumbuka mwiko, nikaikumbuka siagi kifuani na kidole chako ubavuni mwangu, nikapiga. Nilijua, na nikapiga. Kwamba alikuwa mgeni wa ng'ambo ni bahati iliyonikuta baadaye, na bahati hiyo naitumia kumdanganya mama aliyezika mtoto. Kila nikijiambia mwiko ulihusu mnyama na si mkono, sauti nyingine ndani yangu inauliza kwa nini basi ngozi ya Okwi inabanduka. Bakteria, najijibu. Bakteria. Kisha namfunua mtoto.

Na lingine. Yule mjusi hajaenda popote. Yuko hapa. Amechimba chini ya ghala, upande wa mawe. Nilimwona asubuhi moja amejianika juani, kiuno kikiwa na kovu, na pale mkia ulipokuwa pameziba, pamechomoza kitu cheusi kama ncha ya kidole gumba. Nilisimama pale na ndoo mkononi nikajikuta nasema asante. Siku hiyo hiyo shingo ya Okwi ilikuwa imekauka kidogo. Daktari alishasema dawa ingeanza kufanya kazi wakati huo, najua. Lakini kesho yake nilichukua yai, nikalipasua, nikaliweka kwenye kigae mbele ya shimo. Akatoka akalilamba lote, mpole, kama mgeni aliyefundishwa adabu. Sijaacha tangu hapo. Mama mkwe anashangaa kuku wake wamegoma kutaga.

Ndiyo hivyo, Ajiko. Mdogo wako uliyemlipia karo mpaka akapata digrii ya sayansi anamlisha mjusi wa Amerika Kusini mayai kwa siri ili mkia wake uote haraka, ili mtoto wake apone. Okwi anaendelea vizuri sasa, mapaja yamefunga, imebaki kwapa moja. Mkia nao umefika urefu wa kidole, mweusi mtupu, hauna mistari. Woga wangu haujapungua, umezidi, kwa sababu sasa ninacho cha kupoteza. Nikiamka asubuhi sianzi kwa mtoto. Naenda kwanza ghalani niangalie mkia, nikiuona u mzima ndipo napata nguvu ya kumfunua.

Jumatano Vivianne anarudi na mtego. Amefuata nyayo mpaka kwenye ua wetu, na amenieleza kwa upole kwamba mnyama huyu akiachwa atamaliza mayai ya ndege wa hapa na vifaranga vya watu, na kama ni jike mwenye mayai, hatutawaweza. Ana haki. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo, na mwakani nitawafundisha wanafunzi hivyo hivyo. Lakini akimchukua kabla mkia haujamaliza kuota, na homa ya Okwi ikapanda usiku huo, nitamwambia nani kwamba ni bakteria?

Nimeamua kumwambia mama mkwe. Si kwa sababu nimekuwa shujaa. Ni kwa sababu jana nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda cha Okwi, anamwomba kenge msamaha kwa kosa ambalo anadhani ni la marehemu shemeji yake, limerudi kudai mtoto wa pili. Yeye na marehemu yule hawawezi kuendelea kuubeba mzigo wangu. Lakini unajua desturi, bibi hasimami mbele ya mama mkwe na neno kama hili bila mtu wa kwao kando yake. Wewe ndiwe uliyenileta hapa ukinishika mkono. Njoo unishike tena. Njoo kabla ya Jumatano, hata kama maji yamepanda, hata kama itabidi upite Butula kwa mzunguko. Tutamwambia yote, mkebe nitauweka mbele yake, kisha aseme mwenyewe kama Vivianne amchukue au angoje. Atakalosema nitalifuata.

Mama usimwambie kitu, presha yake haitaki habari hizi. Mpe shemeji salamu, na wapwa zangu uwabusu mmoja mmoja, kuanzia mkubwa wasije wakagombana. Omagor anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninaandika. Okwi angekusalimu kama angekuwa ameanza kusema; ameamka sasa hivi, anajikuna, naacha.

Ni mimi mdogo wako mwenye hofu,

Asekenye, Mama Okwi.

Dada, nilisahau. Ukija, njoo na mayai ya kienyeji, mengi uwezavyo. Mama mkwe akikuuliza ni ya nini, mwambie ni ya mtoto. Hutakuwa umemdanganya.